Sufu Si Pamba: Habari za Ufuaji wa Nguo za Thamani katika Nchi ya Simiyu

Katika nchi yetu ya Simiyu hakuna mtoto asiyeijua pamba. Kabla hajajua kusoma amekwisha kuichuma shambani na kulala juu ya magunia yake. Mkoa huu, uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012 ukapewa Bariadi kuwa makao makuu yake, wasifiwa kwa pamba katika Tanzania nzima. Kondoo nao tunao wengi. Walakini jambo la ajabu ni hili, ya kuwa sisi tulio na pamba na kondoo twajua kufua nguo ya pamba, bali nguo ya sufu hatuijui. Maana kondoo wetu hana sufu. Kondoo wa Usukuma, mwenye mkia wa mafuta, ana nywele fupi mfano wa mbuzi, wala hakatwi manyoya. Sufu imetujia kutoka mbali ikiwa imekwisha kuwa nguo.

Kwa sababu hiyo hasara nyingi hutokea majumbani mwetu. Mtu huuza pamba yake, akaenda mnadani akanunua koti zuri la sufu. Hulivaa Jumapili mbili au tatu, kisha siku ya kufuliwa hutoka katika beseni limekuwa koti la mtoto. Watu wa nyumba husema koti lilikuwa bovu, au muuzaji alikuwa mwongo. Sivyo. Koti lilikuwa jema, na mfuaji naye alifanya kazi kwa bidii. Ila alilifua kwa sheria ya pamba. Twataka kueleza hapa jinsi sheria hiyo ya pamba ilivyotufikia, na kwa nini sufu ina sheria nyingine, na jinsi mtu wa kijijini awezavyo kuitunza nguo ya thamani pasipo kumtafuta fundi wa mjini.

Wazee wa kale wa Usukuma walivaa ngozi. Ngozi haifuliwi, husuguliwa na kupakwa mafuta ipate kuwa laini. Nguo za kufumwa zilikuwako mahali mahali. Bwana Richard Burton, aliyekaa Unyanyembe mwaka 1857 na 1858, aliona vitanda vya mfumi katika Unyamwezi, na watu wa Ufipa walifuma pamba yao wenyewe. Lakini nguo iliyoenea katika bara zima ilitoka ng'ambo ya bahari. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said wa Unguja alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na merikebu za Salem, mji wa pwani ya Massachusetts, zikaleta kwa wingi nguo ngumu ya pamba isiyong'arishwa. Watu wakaiita merikani kwa jina la nchi yake. Vita vya Wamarekani wao kwa wao, tangu mwaka 1861 hata 1865, viliikatiza biashara hiyo, na nguo za Uingereza na za Bombay zikashika mahali pake. Lakini jina la merikani lilibaki.

Merikani haikuwa vazi tu, ilikuwa fedha. Mikono minne ilifanya shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Kwa shuka na doti msafiri alinunua mtama, alilipa hongo, aliajiri wapagazi. Bwana Speke alipopita Usukuma mwaka 1858, akafika ziwani mwanzo wa Agosti, wapagazi wake walichukua nguo na shanga. Bwana Stanley naye alipita mwaka 1875; aliuona mto Simiyu, ambao mkoa wetu umechukua jina lake, na siku ya 27 Februari akafika Kageyi kando ya ziwa. Alidhani wakati ule ya kuwa mto wetu huu ndio chimbuko la kusini kabisa la maji ya Naili. Mizigo yake pia ilikuwa nguo. Basi njia za nchi hii zilikanyagwa na pamba iliyofumwa ng'ambo, miaka mingi kabla pamba haijawa mazao yetu ya kuuza.

Katika mizigo ya misafara ilikuwamo pia nguo moja ya sufu, nayo ni joho. Wasomaji wetu hulijua jina hili kwa vazi refu la wakubwa wa pwani. Lakini joho ni jina la kitambaa chenyewe pia, kitambaa kizito cha sufu kilichotoka Ulaya, na chekundu ndicho kilichopendwa zaidi. Hakikununua mtama, kilikuwa zawadi ya heshima kwa watemi na wakubwa. Nguo ya namna hii haikuwa ya kuoshwa mtoni kila juma. Kwa hiyo hata wale wachache waliokuwa na sufu hawakupata kujifunza ufuaji wake. Watu wengi walijifunza kwa merikani, na merikani ilikuwa mwalimu mkali.

Tuangalie jinsi merikani ilivyofuliwa. Nguo mpya ilikuwa na dondo nyingi, ngumu kama ubao, haivaliki vema mpaka dondo itoke. Mfuaji aliilowesha, akaitia sabuni au maji ya majivu, akaipiga juu ya jiwe, akaikamua kwa nguvu zake zote, akaianika juani. Haikudhurika, ilizidi kuwa laini na nyeupe. Sababu ni kwamba pamba ni kitu cha mmea, na asili yake haiogopi majivu, wala moto, wala jua la kadiri. Tena uzi wa pamba ukilowa huwa na nguvu kuliko ukiwa mkavu. Mwingereza mmoja, John Mercer, alijaribu mwaka 1844 kuitia pamba katika dawa kali ya jamii ya majivu, akaona ya kuwa haikuharibika, bali ilipata nguvu na kushika rangi vizuri zaidi. Pamba hupigwa ikashukuru.

Huko pwani kazi hii ilishikwa na mafundi wa Kihindi, ndio madobi, waliorithi ufuaji kwa baba zao na kuzipiga nguo juu ya mawe. Neno lao limeingia katika Kiswahili hata limo katika Injili ya Marko, pale penye habari za mavazi yaliyometa kwa weupe. Misheni zilipofika huku ziwani zilileta sabuni na somo la usafi. Kituo cha Nassa, ambacho sasa kimo katika wilaya ya Busega ya mkoa wetu, kilianzishwa na Misheni ya CMS mwaka 1888, kikapokewa na African Inland Mission mwaka 1909. Shule za misheni kila mahali zilifundisha usafi wa mwili na nguo pamoja na kusoma na kuandika. Somo hilo lilikuwa jema, na wengi walipona upele na chawa kwa ajili yake. Lakini lilikuwa somo la kaniki, merikani na kanzu nyeupe. Yaani lilikuwa somo la pamba.

Sufu yenyewe ilikuja kwa wingi baadaye, kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni jeshi. Katika vita vya 1939 hata 1945 vijana wa Tanganyika walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma katika kikosi cha King's African Rifles, na watu wakaizoea sweta nzito na kabuti la askari. Mlango wa pili ni mitumba. Tangu katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa, marobota ya nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani yaliingia kwa wingi, na watu wa mzaha waliziita nguo za kafa Ulaya. Katika robota moja zilitoka nguo za kila namna: sweta ya Uskoti, suti ya bwana arusi, gauni la hariri, koti la mwalimu wa chuo. Mkulima wa Bariadi akaanza kuvaa nguo ambazo hata Ulaya wenyewe hawathubutu kuzifua kwa mikono yao, maana ndani ya ukosi wake pameshonwa kitambaa kidogo, yaani lebo, chenye amri ya kuipeleka kwa drai-klina. Na drai-klina hayuko kijijini.

Sasa tuseme sufu ni kitu gani. Sufu ni nywele. Asili yake ni moja na nywele za kichwa chetu, kucha zetu na pembe za ng'ombe. Uzi mmoja wa sufu ukitazamwa kwa kioo cha kukuza huonekana umefunikwa na magamba madogo kama ya samaki, yote yakielekea ncha. Magamba haya yakipata maji ya moto na sabuni husimama. Nguo ikisuguliwa wakati huo, kila unywele hutambaa kuelekea upande wa shina lake, wala hauwezi kurudi, kwa kuwa magamba ya jirani yameushika. Nywele elfu na elfu zikitambaa hivyo hufungamana, na nguo hujikunja ikawa ndogo, nene na ngumu. Mambo matatu ndiyo yafanyayo kazi hii: moto, ukali wa sabuni, na kusugua. Ndiyo yale yale matatu ambayo merikani ilitufundisha kuyasifu.

Tena kuna adui wa nne, nayo ni majivu. Walimu wa elimu ya dawa huwaonyesha wanafunzi jambo hili: huchemsha dawa kali ya jamii ya majivu katika chombo cha kioo, wakatia kipande cha pamba na kipande cha sufu. Baada ya dakika chache pamba ipo, bali sufu imeyeyuka. Maji ya majivu na magadi tutumiayo nyumbani si makali kadiri hiyo, lakini huila sufu kidogo kidogo, kila ifuliwapo. Hariri ni ndugu yake, kwa kuwa nayo yatoka kwa mdudu, si kwa mmea; sheria yake ni karibu sawa na ya sufu. Kinyume cha pamba, nguo hizi mbili zikilowa hupungua nguvu.

Isifikiriwe ya kuwa tabia hii ya sufu ni laana. Watu wa kale waliitumia kwa faida. Warumi walikuwa na mafundi walioitia sufu katika mabirika, wakaikanyaga kwa miguu pamoja na mkojo uliochacha, ambao una ukali wa kuondoa mafuta. Na Kaisari Vespasian aliutoza mkojo huo kodi. Kwa kukanyaga hivyo nguo ilijikunja kwa makusudi, ikawa nzito na isiyopitisha baridi. Joho la watemi na kabuti la askari vilipata uzito wake kwa njia hiyo. Basi mtu anayeikanyaga sweta katika beseni la maji ya moto anafanya kazi ya fundi wa Kirumi; kosa ni kwamba yeye hakutaka kabuti, alitaka sweta yake ibaki sweta.

Wenye viwanda vya sabuni nao walitambua tofauti hii. Kampuni ya Lever ya Uingereza, iliyoanza kuuza sabuni ya Sunlight katika miaka ya 1880, ilitoa mwaka 1899 sabuni nyingine iliyokatwa vipande vyembamba kama makapi, ambayo mwaka uliofuata ikaitwa Lux. Ilikusudiwa nguo laini, maana makapi yale yaliyeyuka upesi katika maji ya vuguvugu, wala haikuhitajiwa kusugua mche wa sabuni juu ya nguo. Jina hili watu wengi hulijua kwa sabuni ya kuogea. Mwanzo wake ulikuwa kuiokoa sufu.

Lakini kabla ya hapo alikuwako mtu aliyetafuta njia ya kutoitia nguo majini kabisa. Naye alikuwa mtu mweusi, Thomas Jennings, mshona nguo wa New York. Yeye alikuwa huru, katika nchi iliyokuwa na watumwa bado. Wateja wake walilalamika ya kuwa nguo zao za thamani haziwezi kuoshwa bila ya kuharibika. Akajaribu dawa mbalimbali mpaka akapata njia yake, na tarehe 3 Machi 1821 Serikali ya Marekani ikampa hati ya ubunifu, ya kwanza iliyojulikana kupewa Mmarekani mweusi. Karatasi zenyewe ziliteketea kwa moto wa mwaka 1836, kwa hiyo dawa aliyotumia haijulikani. Fedha alizopata alizitumia kuwakomboa watu wa nyumba yake na kusaidia kazi ya kuukomesha utumwa. Tunaipenda habari hii, kwa sababu yatuonyesha ya kuwa akili ya kuitunza nguo si jambo dogo.

Baadaye huko Paris watu wa nyumba ya Jolly walijulikana kwa kusafisha nguo kwa mafuta mepesi yanayoruka. Siri ya kazi hii ni rahisi. Uchafu mwingi hushikwa na nguo kwa mafuta ya mwili. Mafuta huyeyushwa na mafuta mwenziwe, na uchafu ukaanguka. Kwa kuwa maji hayamo, magamba ya sufu hayasimami, wala nguo haijikunji. Ndiyo maana kazi hii yaitwa kusafisha kukavu, ijapokuwa nguo huloweshwa kweli kweli, ila si kwa maji. Zamani walitumia petroli na ndugu zake, na nyumba nyingi za kazi hiyo ziliungua. Tangu miaka ya 1930 ilienea dawa nyingine isiyoshika moto, iitwayo perklorethilini. Hiyo nayo ilionekana kuwa na madhara. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeihesabu kuwa yaelekea kuleta saratani kwa wanadamu, na Desemba 2024 Serikali ya Marekani ilitoa amri ya kuiondoa katika kazi ya kusafisha nguo kwa muda wa miaka kumi. Kwa hiyo mafundi wengi wa Ulaya wamerudi kwenye maji, wakitumia maji machache, sabuni pole na mwendo wa taratibu. Msomaji na aone hapo: hekima ya fundi mkubwa imerudi penye beseni.

Tusome sasa ile lebo. Alama zake zilipangwa na chama cha GINETEX kilichoundwa Paris mwaka 1963, nazo ni tano. Beseni ni kufua. Pembe tatu ni dawa ya kung'arisha. Mraba ni kukausha. Pasi ni pasi. Na duara ni kazi ya fundi. Msalaba juu ya alama ni katazo. Mkono ndani ya beseni maana yake fua kwa mkono. Duara lenye herufi P au F ni kusafisha kwa dawa. Lenye W ni fundi afue kwa maji. Lebo za Marekani mara nyingi zina maneno. Sheria yao ya mwaka 1971 humtaka mwenye kiwanda ataje njia moja tu iliyo salama, wala haimlazimishi kutaja zote. Kwa hiyo nguo iliyoandikwa isafishwe kwa dawa, pengine yaweza kufuliwa kwa maji vile vile. Bali ile iliyoandikwa kwa dawa tu, au yenye beseni lililopigwa msalaba, ina sababu yake, na mwenyewe akiifua ajue anabahatisha.

Ikiwa lebo imekatwa, kama ilivyo kwa mitumba mingi, chomoa uzi mmoja katika pindo la ndani, uuchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, moto wake huzimika upesi, na masizi yake husagika kidoleni. Uzi wa kiwandani huyeyuka ukawa tone gumu. Wengi watashangaa, maana sweta nyingi za shule si sufu hata kidogo; ni uzi wa kiwandani, haziogopi sabuni, lakini pasi ya moto huziyeyusha.

Nguo ikiwa ni sufu, nayo ni sweta, shali, blanketi au koti jepesi lisilo na bitana, ifuliwe nyumbani hivi. Kwanza kung'uta vumbi, shona palipochanika, na jaribu rangi kwa kulowesha pindo na kulikandamiza kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, acha. Tandaza nguo juu ya karatasi kubwa au mkeka, uchore mpaka wake, upate kujua kipimo chake. Tafuta maji ya mvua ukiweza, kwa sababu maji ya visima yenye chumvi huifanya sabuni kuganda na kuacha utando juu ya nguo. Maji yawe ya vuguvugu kidogo, mkono usiyasikie kuwa moto wala baridi. Na maji ya kusuuza yawe sawa nayo. Yeyusha sabuni pole kwanza, ndipo utie nguo. Shampuu ya nywele yafaa sana, kwa kuwa sufu ni nywele. Usitie magadi, wala majivu, wala sabuni ya unga yenye dawa za kula madoa, wala ile dawa ya kung'arisha ambayo wengi huiita jiki. Hiyo huyeyusha sufu na kuitia umanjano.

Kisha ikandamize nguo kwa viganja, uiachie, uikandamize tena, kwa muda usiopita dakika kumi. Usisugue, usifikiche, usipige juu ya jiwe. Unapoitoa, iinue kwa mikono miwili chini yake kama uinuavyo mtoto mchanga, maana sufu iliyolowa ni nzito na hujivuta. Isuuze mara mbili au tatu. Katika maji ya mwisho tia kijiko cha siki au maji ya ndimu, kuondoa ukali wa sabuni uliosalia. Usikamue. Izungushe ndani ya taulo au kanga kavu, ukandamize mpaka maji yatoke. Itandaze juu ya mkeka kivulini, uinyoshe kwa upole ilingane na mchoro wako, uiache ikauke. Usiianike katika kamba, wala karibu na moto. Pasi ya mkaa isiguse sufu yenyewe. Weka kitambaa kibichi katikati, ukandamize na kuinua, usiburuze.

Suti na koti lenye bitana lina habari nyingine. Ndani ya kifua chake kuna vitambaa vigumu, pengine vimegandishwa kwa gundi. Sufu ya nje ikijikunja na bitana isijikunje, kifua hujaa mawimbi yasiyonyoshwa na pasi yoyote. Nguo hiyo isitiwe majini. Lakini haihitaji kufuliwa mara kwa mara. Sufu ina tabia njema ya kuachia harufu ikipigwa upepo. Ukiivua, itundike kivulini usiku kucha, kesho uisugue kwa brashi laini kuelekea chini. Doa la mafuta linyunyizie poda, uiache mpaka asubuhi, uikung'ute. Doa jingine lipanguse kwa kitambaa kibichi, na bitana ya kwapani vile vile. Mahameli, nguo za marinda yaliyokazwa, rayoni, na hariri ya rangi nyingi zichukuliwe kwa njia hii hii. Zikishindikana, zingoje safari ya mjini.

Maonyo mawili yamebaki, nayo ni makubwa kuliko nguo. La kwanza ni petroli. Wako watu waliosikia ya kuwa drai-klina hutumia mafuta, nao huosha koti kwa petroli au kwa mafuta ya taa nyumbani. Mvuke wa petroli hauonekani. Hutambaa chini ya mlango mpaka penye jiko, na moto hurudi kwa njia ile ile. Mafundi wenye vyombo vyao waliunguliwa. Sembuse mtu mwenye beseni karibu na mafiga? Koti lililoharibika hununuliwa jingine. Ngozi ya mtoto hainunuliwi.

La pili ni malambo yetu. Kichocho ni ugonjwa wa siku nyingi katika nchi za ziwani, na mfuaji asimamaye majini huupata pale pale anapofua. Mwaka 1964 mtaalamu wa Uhabeshi, Aklilu Lemma, aliona konokono wengi waliokufa mtoni, chini ya mahali wanawake walipofulia kwa matunda ya mmea uitwao endod, yatoayo povu kama sabuni. Na konokono ndio wachukuao kichocho. Kwa ufuaji wa nguo akapata njia ya kupigana na ugonjwa. Sisi endapo hatuna endod, tunayo ndoo. Tuteke maji tukafulie nyumbani. Sufu itapona jiwe, na mfuaji atapona kichocho.

Mwisho, nguo ya sufu isihifadhiwe chafu. Nondo hapendi sufu tupu kadiri apendavyo sufu yenye jasho na mchuzi. Isafishwe, ianikwe, ikunjwe ndani ya kitambaa safi cha pamba, ifunguliwe na kupigwa upepo kila mwezi mpaka kipupwe kirudi.

Basi hii ndiyo habari ya nguo mbili katika nchi yetu. Merikani ilitufundisha nguvu, nasi tuliishika sana, hata tukadhani ya kuwa kila nguo hutakaswa kwa nguvu. Sufu yatufundisha upole. Mwalimu mwenye darasa la ufundi wa nyumbani, na mama mwenye binti na wana, wawafundishe watoto sheria zote mbili, tena waanze kwa kuwauliza swali hili kabla ya kugusa sabuni: nguo hii yatoka kwa mmea, au kwa mnyama? Mtoto aliyejua kulijibu hataliharibu koti la baba yake.